Taimi Alivyoingia Wayani

Kwetu Ketolampi, kijiji cha kaskazini kwenye theluji, mtu akidanganywa akadanganyika, tunasema kaingia wayani. Wengine wangesema kaingia mkenge, na maana ni hiyohiyo, ila sisi waya tunaujua kwa mikono yetu. Ukiuziwa shoka lenye mpini uliooza, umeingia wayani. Binti akichumbiwa na mwanamume mwenye mke kule mjini Oulu, kaingia wayani. Ni neno la utani, la kurushiana mezani wakati wa kahawa, na sidhani kama kuna mtu kijijini anayekumbuka siku aliyolijua. Isipokuwa Taimi Karjomaa. Yeye alilijua akiwa na miaka tisa, siku ya kwanza ya Aprili, na halikumchekesha hata kidogo.

Mtu atauliza, mtoto wa hapahapa, aliyezaliwa kwenye sauna ya babu yake, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kama sisi sote, alikuwaje hajui neno ambalo hata vitoto vinavyotambaa vinalisikia? Jibu ni vita. Vita ndivyo vilivyomnyang'anya maneno yote, na kwanza vilimnyang'anya baba. Baba yake aliuawa mstari wa mbele, akamwacha Fanni na watoto watatu: Reino mkubwa, Taimi wa katikati, na Lahja aliyekuwa bado ananyonya. Mkate wa majira yale ulichanganywa na maganda ya msonobari, nao ulipasua matumbo ya watoto. Wakapita watu wa kamati, wakasema Uswidi hakuna vita, kuna familia zinazopokea watoto, mwenye kutaka atoe. Wengine walitoa watoto wote. Fanni alitoa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Taimi. Kwa nini yeye, na si Reino? Swali hilo alilibeba maisha yake yote. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani mwanamke huyu alikuwa mkali bure, kama walivyozoea kusema wenzangu hapa kijijini, ambao midomo yao haina likizo.

Siku ya safari Fanni alimfunga kadi ya jina shingoni, pale stesheni, akamvuta kofia mpaka masikioni.

"Utakula mkate mweupe," alimwambia. "Wewe tangulia. Mimi nakuja na treni ya nyuma."

"Na Reino?"

"Na Reino, na Lahja. Sote."

"Basi nitawawekea nafasi," Taimi akasema.

Akapanda. Watoto wengine walikuwa wanalia mpaka wanakauka sauti, wanang'ang'ania makoti ya mama zao, na walinzi wanawabandua. Taimi alikaa dirishani, akaweka glavu yake moja upande huu na nyingine upande ule, kuzuia viti, kisha akapunga mkono. Hapakuwa na treni ya nyuma.

Huko Uswidi alipokelewa na Märta, mwanamke wa makamo asiye na mtoto, mwenye nyumba ya rangi ya njano na mikono yenye harufu ya mdalasini. Siku za mwanzo Taimi alikuwa akisikia honi ya treni anasimama mlangoni. Märta hakumzuia. Alimletea kiti. Pole pole kusimama kukapungua, na maneno ya nyumbani nayo yakapungua, kwa sababu lugha ya mtoto hukauka upesi kama hana wa kusema naye. Ilifika siku akamwita Märta mama, na Märta akaingia jikoni akajifuta macho kwa aproni. Siwezi kumlaumu. Alikuwa mwema, na yeye pia aliumia.

Vita vilipokwisha, Fanni alimtaka mwanawe arudi. Ilikuwa haki yake. Lakini Märta hakuwa na moyo wa kumwambia mtoto ukweli, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Unakwenda kumsalimia mama yako wa kule," alisema. "Shule ikifunguliwa utakuwa umerudi. Mwache mwanasesere wako kitandani, akushikie nafasi."

Taimi akamlaza mwanasesere, akamfunika shuka, akaondoka na nguo za kiangazi tu. Mwanasesere yule yuko huko mpaka leo, kama hajatupwa.

Alikuta kijiji kimeteketezwa. Wajerumani, waliokuwa wamepiga kambi huku wakati wa vita, walipokuwa wakirudi nyuma hawakuacha hata banda la nyasi, na Fanni alikuwa amejenga kibanda cha magogo cha chumba kimoja kando ya bomba la moshi la nyumba ya zamani, kwa maana ndilo pekee lililosimama. Alikuwa amengoja barabarani tangu asubuhi. Taimi aliposhuka kwenye basi, Fanni alifungua mikono yote miwili. Mtoto akasimama mbele yake, akakunja magoti kidogo na kuinamisha kichwa, kama alivyofundishwa kuwasalimia wageni. Fanni akabaki na mikono yake hewani, mpaka Reino alipocheka ndipo akaishusha.

"Taimi, mwanangu," Fanni alisema.

Taimi alitambua jina lake tu.

Shule ikafunguliwa, na hakuna aliyekuja kumchukua. Akangoja. Nguo zake za kiangazi alizifunga kwenye kitambaa, akakiweka chini ya kitanda, na kila Jumapili alikifungua akakifunga upya. Watoto walimwita Mswidi. Alijifunza lugha ya mama yake kwa kusikiliza, neno moja moja, na kufikia katikati ya majira ya baridi aliweza kuomba maji, kusema anaumwa na kukataa maziwa mgando. Taimi alimwita mama yake Fanni. Neno mama lilikuwa limeshakwenda kwa mwingine, na yeye alikuwa mtoto mwaminifu.

Ikaja siku ya kwanza ya Aprili. Kwetu siku hiyo kila mtu ana ruhusa ya kumdanganya mwenziwe. Mchungaji anadanganywa, mwalimu anadanganywa, na aliyedanganyika anaimbiwa ale samaki wa chumvi ashushie maji ya tope. Hakuna anayekasirika, maana kukasirika ni kuongezewa. Taimi hakujua. Huko kwa Märta desturi hiyo ilikuwepo, lakini nyumba ya watu wawili wapole haina utani.

Reino aliingia akihema, theluji imemganda kwenye nyusi.

"Taimi, kimbia," alisema polepole ili aelewe. "Märta kaja. Yuko kwenye jukwaa la maziwa, pale barabarani."

"Märta?"

"Kaja na basi. Anakuita."

Taimi hakuuliza tena. Alivuta kitambaa chake chini ya kitanda, akatoka bila koti. Theluji ya Aprili ni laini, inakumeza mpaka mapajani, naye alianguka na kuinuka njia nzima. Jukwaa lile, la kuwekea maziwa yanayongoja gari, lilikuwa tupu, madebe tu. Akadhani Märta ameenda kujisitiri kwenye miti. Akaita. Kisha akapanda juu ya jukwaa ili aonekane, akakaa, kitambaa mapajani, akangoja. Basi la jioni lilipopita dereva alisimama, akamuuliza anakwenda wapi, na Taimi akamjibu kwa Kiswidi. Dereva akamrudisha nyumbani amembeba, miguu imekuwa myeupe kwa baridi.

Pale mlangoni Reino, Lahja na watoto wa jirani walikuwa wamejipanga. Wakamwimbia wimbo wote, samaki na maji ya tope.

"Kaingia wayani, Mswidi kaingia wayani," Reino alisema, akishika mbavu. "Mimi nilidhani atafika kwenye mti wa kwanza tu arudi. Huyu kangoja basi."

Na Fanni akacheka. Hilo lazima nilieleze sawasawa. Fanni alikuwa karudi punde kutoka msituni, amegeukia jiko, hajui kwa nini mtoto hakuwepo; alifikiri wako wanacheza. Aliposikia kuwa kaingia wayani alicheka kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angecheka, kwa mazoea, kabla hajageuka. Kisha akageuka akaona kitambaa, na miguu, na uso. Alimzaba Reino kofi la kumtoa machozi. Lakini kicheko Taimi alishakisikia.

Usiku ule mtoto hakulia. Alimwuliza Lahja kitu kimoja tu, kwa maneno yake yaliyovunjika: waya ni nini? Lahja naye alikuwa mdogo, akasema waya ni waya.

Kesho yake Fanni alikuwa na kazi ya kukusanya mitego, maana msimu wa kutega kwale weupe ulikuwa umefungwa. Ndiyo kazi iliyowalisha tangu vita viishe. Fanni alitega vizuri kuliko wanaume, na wanaume walilijua hilo na hawakulipenda. Alimfunga Taimi miguu kwa sufu, akamweka kwenye kijisleji cha kuteleza juu ya theluji, akamvuta mpaka kwenye vichaka vya mibetula, miti yetu ya maganda meupe. Labda aliona ni njia ya kumweleza, kwa kuwa maneno hayakuwatosha. Labda alitaka tu kuwa naye.

Alimwonyesha uzio. Ni kitu kidogo, matawi yamechomekwa kwenye theluji yakafika magotini tu kwa mtu, yana machipukizi ambayo kwale anayapenda. Kila baada ya hatua kadhaa pana upenyo, na kwenye upenyo inaning'inia duara ya waya mwembamba. Nyingi zilikuwa tupu. Ya mwisho ilikuwa na kwale, mweupe kama theluji yenyewe, amelala ubavu, ameganda.

"Waya," Fanni alisema, akaugusa. "Ameingia wayani."

Taimi alimtazama ndege muda mrefu. Akamshika bawa, akalifungua, akalifunga.

"Mbawa anayo," alisema. "Kwa nini hapana ruka?"

"Haruki. Anatembea kando ya uzio, anakula, mpaka anaona mlango. Anaona mlango ni mzuri."

"Nani kaweka mlango?"

"Mimi," Fanni akasema.

"Wewe," Taimi akasema.

Fanni alikuwa amechuchumaa, glavu mdomoni, anafungua waya shingoni mwa ndege. Vidole vikasimama. Alielewa kuwa mtoto hasemi habari za ndege tu, hilo sina shaka nalo, kwa sababu miaka mingi baadaye alimsimulia mama yangu, naye mama akanisimulia. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Angeweza kusema lolote, hata kwa lugha ambayo mtoto asingeielewa. Lakini Fanni alikuwa mtu wa huku, na watu wa huku wakizidiwa na jambo hutafuta kazi ya mikono. Alimaliza kufungua waya, akaukunja, akautia mfukoni, akamvuta mtoto mpaka nyumbani. Jioni walikula kwale yule, na Taimi hakugusa.

Basi Taimi akakua. Märta alifariki kabla yeye hajafika umri wa kusafiri mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na pa kurudi. Akawa mpishi wa shule yetu. Mimi nimekula uji wake na supu yake ya njegere ya Alhamisi, na nakumbuka hakuwa na masihara. Ukimwuliza kama kuna kitamu baadaye, na hakuna, atakuambia hakuna, basi. Siku ya kwanza ya Aprili hakuna aliyethubutu kuleta mzaha jikoni kwake. Mwalimu mkuu alijaribu mara moja, akapewa mgongo mpaka sikukuu za Mei.

Aliolewa na Oiva, fundi wa barabara, mtu mnyamavu ambaye naamini alichaguliwa kwa sababu hiyo. Wakapata mtoto, Kalevi. Siku ya sindano mama wengine walikuwa wanawaambia watoto ni kama kuumwa na mbu.

"Itauma," Taimi alimwambia wake, mbele ya watu wote. "Itauma sana, kisha itaacha. Mimi nitakuwa hapa, sitatoka."

Kalevi akaangua kilio, na foleni nzima ikaangua naye.

"We Taimi nawe," jirani yake Hilppa alimnong'oneza. "Mdanganye kidogo mtoto wa watu. Utakufa?"

"Mdanganye wako," Taimi akasema.

Fanni aliishi karibu nao, na Taimi alimhudumia bila kasoro. Alimpelekea kuni, alimpashia sauna kila Jumamosi, alimsugua mgongo. Alimwita Fanni. Walizungumza juu ya viazi na hali ya hewa. Kila Taimi alipofungua kinywa kuuliza lile swali, Fanni alikuwa na chungu cha kukoroga au soksi ya kufuma, na swali likarudi lilikotoka. Nimewaona kwa macho yangu wamekaa kwenye kibaraza cha sauna, mvuke unawatoka mabegani, mama na binti, hawatazamani. Iliniuma, na nilikuwa kijana tu.

Fanni akaugua. Alipelekwa hospitali ya mjini wakati majani ya mibetula yalipokuwa yamegeuka manjano. Daktari aliwaita watoto watatu wa Fanni ukumbini, akawaambia ni saratani, imeshaenea, na kwamba ni afadhali mgonjwa asijue. Enzi zile ndivyo ilivyokuwa. Reino na Lahja walikubali mara moja.

"Tunasema ni nyongo," Reino alisema. Alikuwa mwanamume mzima, ana kipara, anakunjakunja kofia mikononi. "Nyongo tu. Umenisikia, Taimi? Usije ukaanza mambo yako."

"Sitaanza," Taimi alisema.

Zamu yake ya kukaa na mgonjwa ilikuwa mchana. Fanni alikuwa amekonda mpaka pete imehamia kidole cha kati. Wagonjwa wengine wawili walikuwa wamelala. Taimi alimmiminia kahawa kwenye kisahani, jinsi alivyopenda, akamwekea donge la sukari katikati ya meno.

Fanni alikunywa, akapumua.

"Reino anasema nyongo," alisema. "Lahja anasema nyongo. Muuguzi naye, nyongo. Wewe umekuja siku zote hizi, hujasema kitu."

Taimi aliweka kisahani mezani.

"Nimekungoja wewe," Fanni akasema. "Wewe huwezi kuniingiza wayani. Nitarudi nyumbani?"

"Hapana," Taimi akasema. "Ni saratani. Hutarudi."

Fanni alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Kisha akayafumbua.

"Ahsante. Nilijua, ila nilitaka mtu aniambie."

Safari hii hapakuwa na chungu cha kukoroga wala soksi. Mikono ya Fanni ililala juu ya blanketi, haina kazi. Taimi aliitazama, na akauliza.

"Kwa nini mimi?"

Fanni hakujifanya haelewi. Hilo nampa heshima yake.

"Lahja alikuwa ananyonya," alisema. "Reino angejua. Reino angeruka dirishani, angelala relini, yule sikuweza. Wewe ulikuwa unaniamini. Nikikuambia kitu ulikuwa unakishika hivihivi, na uso wako mzima. Nilijua hutalia."

"Sikulia."

"Hukulia. Ulikuwa unapunga mkono. Nilisimama pale nasema, akilia tu. Akilia."

Taimi akasogeza kiti.

"Ningelia, ungenishusha?"

Mwanamke mwingine angesema hapana, mwanangu, njaa ilikuwa kali, nisingeweza. Lingekuwa jibu la huruma, na lingemfaa Taimi kuliko lolote. Fanni alilifikiria swali. Alimtazama binti yake aliyemwambia ukweli sasa hivi, na nadhani aliona hana haki ya kumrudishia pungufu.

"Ningekushusha," alisema.

Taimi alikaa wima. Alikuwa amengoja jibu tangu utotoni, na alipolipata alitamani, mara moja tu katika maisha yake, angedanganywa. Machozi yalianza kabla hajayajua. Yalikuja na sauti, sauti kubwa ya aibu, ya mtoto, na wale wagonjwa wawili wakaamka wakageuza vichwa. Alilaza uso juu ya blanketi, kwenye magoti ya mama yake, akashika kitambaa kwa ngumi zote mbili. Fanni alimwekea mkono kisogoni.

Muuguzi akaja mbio, akasimama mlangoni, akauliza kulikoni, nani kamwambia mgonjwa nini.

"Mwache alie," Fanni alisema. "Kachelewa sana huyu."